Tumenunua jeti ski iliyotumika, tuko Texas: kijana wa miaka 15 anahitaji nini kabla ya kuingia ziwani?

Mama Neema, Fort Worth

Habari zenu wanajamvi. Naomba msaada kwa wanaojua mambo ya maji huku Texas.

Mume wangu na mdogo wake wamechanga pesa wakanunua jeti ski iliyotumika, ya watu watatu, pamoja na trela yake. Muuzaji amewapa karatasi za umiliki, funguo na ile kamba nyekundu ya kuvaa mkononi, wakaagana. Hakuna alichowaeleza. Sasa iko hapa uani chini ya turubai na watoto hawalali.

Wanaotaka kuipanda ni hawa. Mwanangu wa kwanza, miaka 15. Mtoto wa shemeji, miaka 22, amekuja kutoka Uvira mwaka jana. Amekulia ziwani na anaogelea kutushinda sote, ila Kiingereza cha kusoma bado kinamsumbua. Binti yangu wa mwisho, miaka 6. Na hao wanaume wawili wenyewe, ambao wote wameshavuka 40.

Mume wangu anasema yeye ni mtu wa Tanganyika, boti za injini anazijua tangu utotoni, hana la kufundishwa. Mimi ni wa Kigoma. Na mimi nimekulia kwenye maji yale yale, ndiyo maana naogopa, kwa sababu nimeona watu waliozaliwa ziwani wakichukuliwa na ziwa hilo hilo.

Ninachouliza: nani kati yao anatakiwa kuwa na kadi ya mafunzo? Kijana wa 15 anaruhusiwa kuendesha peke yake? Na ni mambo gani hawa wanaume wangu wanadhani wanayajua kumbe hawayajui? Tunataka kwenda Ziwa Lewisville au Ray Roberts mwisho wa mwezi.

Mtu wa Conroe

Mama, usijipe presha. Mimi napanda jeti ski Ziwa Conroe miaka mingi sasa na hakuna askari amewahi kuniuliza kadi. Hii mashine ni kama pikipiki tu, anayejua bodaboda amemaliza kila kitu. Wavae jaketi, waende wafurahie. Huyo wa Uvira ndiye atawafundisha wengine.

Fundi wa Pangani

Mama Neema, kama umenizidi umri, shikamoo. Kama tunalingana, basi habari za nyumbani. Mimi ni mtu wa Pangani. Kazi yangu ni ufundi wa jeti ski na injini za boti hapa kaskazini mwa Dallas, kwa hiyo mashine nyingi za Lewisville na Ray Roberts hupita mikononi mwangu. Nitaandika kwa kirefu kwa ajili ya huyo kijana wa Uvira. Kozi ataisoma kwa Kiingereza akiwa na mtu pembeni, lakini haya ya msingi ningependa ayapate kwa lugha anayoielewa bila kukalimaniwa.

Ndugu yangu wa Conroe, la pikipiki silikubali hata kidogo, na nitalifikia.

Sheria kwanza. Texas inaangalia tarehe ya kuzaliwa. Yeyote aliyezaliwa tarehe 1 Septemba 1993 au baada ya hapo hawezi kuendesha jeti ski mpaka awe amemaliza kozi ya usalama wa boti inayotambuliwa na Texas Parks and Wildlife, idara ya jimbo ya hifadhi na wanyamapori. Mumeo na shemeji yako hawamo humo. Huyo wa Uvira yumo, na leseni ya gari haimsaidii, wala miaka yote ya Tanganyika haimsaidii mbele ya askari. Mwanao naye yumo. Akishaipata kadi anaruhusiwa kuendesha peke yake, maana umri wa chini ni miaka 13. Akiwa bado hajaipata, anaweza kushika mpini iwapo juu ya mashine hiyo hiyo, mgongoni kwake, ameketi mtu wa miaka 18 au zaidi ambaye mwenyewe anaruhusiwa kisheria. Baba aliyesimama ufukweni akimtazama hahesabiki. Kadi ukiipata ni ya maisha, na unatakiwa uwe nayo majini pamoja na kitambulisho chenye picha.

Kila anayepanda, na kila anayevutwa nyuma, anavaa jaketi okozi lililoidhinishwa na Walinzi wa Pwani wa Marekani. Kuvaa, si kuliweka chini ya kiti. Na yale majaketi membamba yanayojijaza upepo hayakubaliki kwenye jeti ski. Hapa linatakiwa lile la sponji, lenye mikanda na vifungo, linaloweza kupokea kishindo cha mtu kuangukia maji kwa mwendo. Jeti ski haiendeshwi jua likishazama, wala kabla halijachomoza. Ukiwa ndani ya futi 50 kutoka kwenye chombo kingine, muogeleaji, gati au ufukwe, mwendo ni wa kutambaa, ule unaotosha tu chombo kishike njia. Kurukia mawimbi ya boti ya mwenzako kwa karibu ni kosa, na vijana wote hulipenda kosa hilo. Pombe kipimo chake ni 0.08, sawasawa na gari, na kwa kosa la kwanza mtu anaweza kwenda jela hadi siku 180 na kutozwa faini hadi dola 2,000. Wanaozunguka kukagua ni wale askari wa wanyamapori wa jimbo. Msishangae kuwaona ziwani, maji nayo ni eneo lao.

Sasa pikipiki.

Pikipiki ukiachia mafuta, mpini unabaki wako. Unapinda kulia, inakwenda kulia. Jeti ski haina gurudumu, haina propela inayoning'inia nje kama mashine za boti za Kalemie na Uvira, na haina ubao wa usukani nyuma kama jahazi. Chini ya tumbo kuna wavu wa chuma. Maji yanavutwa kupitia hapo, feni iliyo ndani ya pampu inayasukuma, yanatokea nyuma kwenye mdomo mwembamba kwa nguvu kubwa. Mpini unapougeuza, unachogeuza ni huo mdomo tu. Kwa hiyo ukiachia mafuta, maji yanaacha kutoka, na mdomo usiotoa maji hata uelekee wapi haupindishi kitu. Mashine inaendelea mbele moja kwa moja kule ilikokuwa inakwenda, huku wewe umekunja mpini hadi mwisho.

Halafu fikirini mwili wa binadamu. Mtu akiona boti imemkatiza ghafla, kitu cha kwanza anachofanya ni kuachia mafuta, na anayetoka kwenye pikipiki ataachia haraka kuliko wote kwa sababu ndivyo mkono wake ulivyozoea. Ameachia, anapinda, na mashine ya kilo mia tatu na zaidi haimsikii. Kwenye boti za kawaida watu hufa zaidi kwa kuzama. Kwenye jeti ski, mgongano na majeraha ya kugonga nayo huua na kulemaza wengi, na mara nyingi aliyegongwa ni ndugu au rafiki aliyekuwa kwenye jeti ski ya pili wakichezeana. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki, mafuta yakiachiwa, hakina usukani hata kikiwa kizima kabisa.

Mwambie mumeo aende uani sasa hivi atazame upande wa kushoto wa mpini. Kama kuna kishikio kidogo cha kubonyeza, hiyo ni breki. Sea-Doo walianza kuziweka mwaka 2009, na Yamaha nao wana ya kwao kwenye mashine za miaka ya karibuni. Kama kishikio hakipo, mmenunua chombo kisicho na breki, na kituo chake ni pale mwendo utakapoisha wenyewe.

Sasa kuna zoezi ambalo ningependa hawa wanne, wakubwa na wadogo, walifanye kabla ya kitu kingine chochote. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, kwenye ghuba tupu. Chukueni madumu mawili matupu, kila moja mlifunge kamba na jiwe, myaangushe mbali na watu. Anayejifunza aliendee dumu kwa mwendo wa maili 20 kwa saa, aachie mafuta, apinde. Ataona kwa macho yake mashine inavyolipitia dumu juu. Arudie, safari hii apinde huku mafuta ameyashika. Ataona inavyolikwepa. Arudie mpaka kidole kizoee kwamba kukwepa ni kupinda na mafuta kwa pamoja. Hili halisomeki kwenye karatasi likaingia mwilini. Mumeo mwenye boti zake za Tanganyika ndiye nataka aanze.

Kamba nyekundu mliyopewa na muuzaji ni ya kuzima injini. Upande mmoja unavaliwa mkononi au unabanwa kwenye jaketi, upande wa pili unachomekwa kwenye swichi. Ukianguka inachomoka, injini inazimika, na mashine inabaki karibu nawe badala ya kwenda zake. Texas ina sheria yake kwa boti za chini ya futi 26, inaitwa Kali's Law, ilianza tarehe 1 Septemba 2019, na jina hilo ni la binti wa miaka 16 aliyefariki mwaka 2012 baada ya kurushwa kutoka kwenye boti na kupigwa na propela. Kamba ilikuwepo kwenye boti. Hakuna aliyekuwa ameivaa. Kwenye jeti ski, kuivaa ni lazima.

Na sasa jambo la karakana. Kila joto linapoanza naletewa mashine ambazo pampu imekaba. Nalaza mgongo sakafuni, nafungua wavu, namulika na tochi. Ninachokikuta mara nyingi ni kamba ya kuvutia watoto, imejisokota kwenye shafti mzunguko juu ya mzunguko, ikapata moto hadi nyuzi zimeyeyuka zikashikana, imekuwa kitu kigumu cheusi. Naikata kwa kisu kipande kwa kipande, na kazi hiyo inaweza kula nusu ya asubuhi. Mashine iliyoimeza kamba hiyo haichagui. Nywele ndefu inazivuta, mkanda wa jaketi uliolegea inauvuta, na vidole vya mtoto anayejishikilia nyuma akisubiri kupanda. Kwa hiyo injini inazimwa kabla mtu yeyote hajausogelea upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo. Na msiiwashe kwenye maji yasiyofika futi tatu, kwa sababu itavuta kokoto na mchanga, na mawe hayo hayo yatatoka nyuma kama yalivyoingia, kwa kasi.

La mwisho kwa leo nalisema waziwazi kwa heshima, kwa kuwa watu hulionea haya na haya hiyo imeumiza wengi. Abiria wa nyuma akidondoka kinyumenyume, anaangukia pale maji yanapotokea. Maji yale yanaweza kuingia mwilini kupitia sehemu za siri na njia ya haja kubwa yakachana ndani. Suruali ya kuogelea ya kitambaa chepesi haizuii kitu. Watengenezaji wote wameliandika hilo kwenye ile stika ya onyo iliyobandikwa mbele ya mpini, ambayo wengi hawaisomi: vaeni suruali ya mpira mzito wa neopreni, wakubwa na wadogo, wanawake kwa wanaume. Dada, hili lisimamiwe na wewe mama mwenyewe. Asiye na suruali hiyo asikae nyuma.

Mama Neema, Fort Worth

Fundi, marahaba, mwanangu kama si mdogo wangu. Nimeisoma yote kwa sauti mezani. Mume wangu amesikiliza mpaka mwisho, akatoka uani na tochi. Kishikio cha breki hakipo.

Sasa hiyo stika ya onyo nimeiona kwa mara ya kwanza leo, imefifia lakini inasomeka. Na nimeingiwa na hofu kwa huyu mdogo wa miaka 6. Baba yake alikuwa amepanga kumweka mbele yake, kati ya mikono, kama tunavyowabeba kwenye pikipiki kule nyumbani. Inafaa?

Pia kijana wa Uvira anauliza kuhusu maboya. Anasema kwao hakuna vitu hivyo, mtu anajua njia kwa kuangalia milima.

Mkaazi wa Tampa

Naingia kidogo tu. Anayesoma hapa akiwa jimbo lingine asichukue sheria za Texas akaenda nazo. Huku Florida tarehe inayohesabiwa ni 1 Januari 1988: aliyezaliwa siku hiyo au baadaye lazima awe na kadi ili aendeshe chombo chenye injini ya nguvu za farasi 10 au zaidi. Umri wa chini wa kuendesha jeti ski ni 14, na wa kuikodi ni 18. Usiku wetu unahesabiwa kuanzia nusu saa baada ya jua kuzama hadi nusu saa kabla halijachomoza. Rafiki yangu aliye Minnesota yeye hawezi kuanza hata saa tatu asubuhi. Sheria yao inaruhusu kuanzia saa tatu na nusu, na lazima awe ametoka saa moja kabla ya machweo.

Kozi yenyewe ikiwa imeidhinishwa na NASBLA, chama cha kitaifa cha wasimamizi wa sheria za boti wa majimbo, majimbo mengi yanaitambua. Kijana wa Mama Neema akipata ya Texas, akija huku likizo haanzi upya.

Fundi wa Pangani

Ahsante Tampa, hilo ni muhimu.

Mama Neema, mtoto mbele ya dereva haikubaliki. Mashine ikigonga wimbi kubwa au ikisimama ghafla, kifua cha baba ndicho kitakachomsukuma mtoto kwenye mpini, uso ukitangulia. Watengenezaji wanakataza, nami nakataza. Abiria anakaa nyuma, na ili akae nyuma anahitaji vitu viwili: nyayo zake zote mbili zifike chini kwenye mifereji ya miguu, na mikono yake iweze kumshika vizuri aliye mbele. Mkalishe kwenye kiti hapo uani mtazame. Mtoto wa miaka 6 aghalabu miguu inaning'inia. Ikining'inia, hajafikia wakati wake, na machozi yake mvumilie. Jaketi lake nalo linunuliwe kwa uzito wake, si la kaka yake lililobana mikanda. Akishalivaa na kufungwa, shika mabega ya jaketi uyanyanyue juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, majini litamvuka kichwa.

Maboya. Kijana wangu wa Uvira, sikiliza. Kwenye maziwa ya huku utakutana zaidi na maboya meupe yenye alama za rangi ya machungwa, na huhitaji kusoma Kiingereza ili uyaelewe. Ukiona duara, kuna amri ya kufuatwa pale, mara nyingi ni kupunguza mwendo usipige mawimbi. Ukiona umbo la almasi, kuna hatari chini: mwamba, kisiki, maji mafupi. Almasi yenye msalaba ndani yake, usiingie kabisa, pengine ni sehemu ya waogeleaji au karibu na ukuta wa bwawa. Mraba ni maelezo tu, kama vile mafuta yanauzwa wapi. Ukiwa kwenye njia za pwani au mito mikubwa utakuta na maboya mekundu yenye namba shufwa na ya kijani yenye namba witiri. Ukitoka baharini kuingia ndani, mekundu yawe mkono wako wa kulia.

Kupishana: mkikutana uso kwa uso, kila mmoja apinde kulia. Njia zikikatana, aliye upande wako wa kulia ndiye mwenye haki, wewe umpishe. Ukimpita mtu kwa nyuma, wewe ndiye wa kumkwepa, kwa upande wowote. Wenye tanga na wenye makasia wapisheni wote. Na kabla ya kupinda, geuza shingo utazame nyuma, kila mara. Hii ndiyo tabia ninayoiona ikikosekana kuliko zote. Mtu yuko mbele, ameshika kasi, anapinda ghafla kushoto bila kutazama, na mwenzake aliyekuwa akimfuata kwa karibu anampanda.

Ray Roberts, mkienda huko, ina miti iliyokufa imesimama ndani ya maji. Ziwa limetengenezwa kwa kuziba mto, kama karibu maziwa yote ya Texas, na msitu ulibaki chini. Miti mingine unaiona, mingine imekatika ikabaki kiganja kimoja chini ya maji. Maji yakishuka kiangazi, kisiki ambacho wiki iliyopita mlipita juu yake salama leo kitachana tumbo la mashine. Kwa mara ya kwanza ningechagua Lewisville asubuhi, kabla upepo wa kusini haujaamka. Alasiri unavuma ziwa zima kwa urefu na mawimbi yanakuwa mafupi na makali, na wikendi boti zimejaa tele. Epukeni sikukuu ya tarehe 4 Julai kabisa. Siku hiyo mwenye uzoefu wa miaka mingi anapata tabu, sembuse anayejifunza.

Mtu wa Conroe

Fundi, nimekusoma. Mimi nimezaliwa 1987, kumbe ndiyo maana kadi hainihusu. Mke wangu ni wa 1996 na huwa namwachia mashine aende peke yake mimi nikiwa kwenye gati. Yeye anahitaji?

Fundi wa Pangani

Anahitaji, ndugu yangu. Wa 1996 yumo ndani ya sheria. Ukiwa umekaa nyuma yake hakuna tatizo. Ukibaki kwenye gati mna kosa, na mwenye chombo anaweza kuulizwa kwa nini alimpa mtu asiyeruhusiwa. Kaeni mfanye kozi wote wawili. Wewe sheria imekusamehe kwa tarehe tu, haikukufundisha kupishana. Na fanyeni zoezi la madumu, nakuomba sana, hasa wewe unayetoka kwenye pikipiki.

Mama Neema, Fort Worth

Tumeamua hivi. Mwanangu na binamu yake wameanza kozi jana, wanakaa pamoja kwenye kompyuta, mmoja anasoma mwingine anatafsiriwa, na mume wangu amejiunga nao bila kuambiwa na mtu. Mdogo tumemkalisha kwenye kiti. Miguu inaning'inia. Amelia, kisha amekubali kubaki nami ufukweni.

Swali la mwisho kabla hatujaitoa uani: mtu akianguka katikati ya ziwa na mashine ikapinduka tumbo juu, anaigeuzaje? Na kuna kitu cha kukagua kwenye mashine yenyewe kabla ya kuishusha majini? Imekaa bila kutumika tangu mwaka jana.

Fundi wa Pangani

Hapo umenifurahisha, hasa huyo mume.

Kupinduka: nyuma ya mashine, upande wa chini, kuna stika yenye mshale unaoonyesha igeuzwe kuelekea upande gani. Inasomeka vizuri pale tu mashine inapokuwa imepinduka, wameiweka hivyo makusudi. Mfuate mshale. Ukiigeuza kinyume, maji yaliyo kwenye bomba la moshi yanaingia kwenye injini, na hapo safari imekwisha. Kwanza hakikisha injini imezimika, ndipo ushike ukingo wa chini, ukanyage ule mwingine, ulale nyuma kwa uzito wako wote. Ikishasimama, pandeni kwa nyuma, mmoja mmoja, katikati. Ukipanda kwa ubavu utaipindua tena. Hili nalo lifanyieni zoezi kwenye maji ya kina, kila mmoja wenu, akiwa na jaketi mwilini. Kuogelea vizuri hakutoshi. Kujivuta juu ya mashine ukiwa na nguo zilizolowa, mikono imechoka, ni kazi nyingine. Anayeshindwa asiende mbali na wenzake mpaka aweze. Na kama injini imekataa kuwaka mkahitaji kuvutwa, anayewavuta aende polepole sana, chini ya maili 5 kwa saa, maana ukivutwa kwa kasi maji yanasukumwa hadi ndani ya injini.

Ukaguzi. Nyuma, chini kabisa, kuna vizibo viwili vya kutolea maji, kimoja kila upande. Mwenye mashine huvifungua akiihifadhi ili unyevu utoke, na mtu mpya hana habari navyo. Jeti ski iliyoshushwa bila vizibo haizami palepale. Inakubeba vizuri, unafika katikati ya ziwa, na kila ukipunguza mwendo inakuwa nzito zaidi upande wa tezi. Kwa hiyo vizibo vitazamwe kwenye trela, kabla gari halijarudi nyuma kuelekea majini. Mulikeni wavu wa chini na tochi mwone kama kuna uchafu. Vuteni ile kamba nyekundu injini ikiwa imewaka kwa sekunde chache tu: isipozimika mara moja, mashine haiendi popote mpaka swichi ibadilishwe. Msiiache iwake muda nchi kavu, inapozwa na maji ya ziwa na itaungua. Kizima moto kiwemo na mshale wa geji uwe kwenye kijani. Filimbi ifungwe kwenye jaketi. Fungueni kiti mnuse. Mkisikia harufu ya petroli msiwashe, acheni wazi ipitishe hewa na mtafute inapovuja. Mafuta ya mwaka jana yatoeni, mtie mapya. Namba za usajili zinazoanza na TX ziwe pande zote mbili za mbele, na hakikisheni karatasi zimeshahamishiwa jina lenu.

Vizibo mkivikuta vimepasuka uzi, nunueni vipya, ni bei ndogo. Vikazeni kwa mkono. Koleo linavipasua.